Mmetualika kwa Kiswahili, mkatuhutubia kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mihadhara ya wazi inayoandaliwa na seminari moja huku kwetu Bagamoyo. Mimi ni Mwislamu, mwalimu mstaafu, na nimeshahudhuria mara tatu. Hakuna aliyeniuliza dini yangu mlangoni. Chai ya tangawizi ipo, maandazi yapo, na wenyeji wetu ni watu wa bashasha. Kwa hiyo siandiki kwa chuki.

Safari hii mada ilikuwa mikoko na jinsi bahari inavyokula pwani. Tangazo lilibandikwa mpaka soko la samaki: wote mnakaribishwa. Nikamchukua jirani yangu, mzee aliyepita miaka sabini, fundi wa mashua tangu ujana wake. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikakolea. Tukakaa safu ya pili.

Mhadhiri akaanza, Kiingereza kitupu. Saa nzima na ushee. Ikatokea picha ya mti ukutani, chini yake jina la Kilatini. Mzee akaninong'oneza, "Mwalimu, si mchu huo? Mbona hawautaji?" Nikawa namtafsiria kwa sauti ya chini, hadi kijana mmoja mwenye beji akaja kutuomba tunyamaze. Mzee hakujibu kitu. Alichukua bakora yake, akatoka taratibu akipita ukutani asiwazibe watu. Ulipofika wakati wa maswali, yakaulizwa mawili tu, yote na wanafunzi wa pale pale.

Na huyo aliyetoka ndiye anayejua mchu unavyotoa mataruma, zile mbavu za chombo, mkoko na mkandaa zinavyotoa boriti, na kule kwenye mlango wa mto Ruvu palikatwa nini na nani alinunua. Maswali alikuwa nayo. Hata majibu, nadhani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mapadri wa zamani wa mji huu hawakuwa hivyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868. Mmoja wao, Padri Charles Sacleux, aliyekuja upande huu wa dunia 1879, alikusanya mimea na maneno ya watu wa pwani kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ikachapwa Paris 1939. Majina ya miti hakuyaokota Paris. Aliwauliza wenye kuijua.

Najua nitaambiwa mhadhiri ni mgeni, Kiswahili hakijui. Haya, si kosa lake. Lakini seminari ina vijana kibao wanaojifunza kuhubiri, na watakaowahubiria ni sisi sisi Waswahili. Asimame mmoja atafsiri aya kwa aya. Muda ukibana, mhadhara ufupishwe, maana ule wa juzi ungeweza kupungua nusu na tusione pengo. Na wakati wa maswali, kipaza sauti kianzie viti vya nyuma. (Ule mhadhara mwingine uliowekwa Ijumaa saa saba mchana nautaja tu, wenyewe wanaelewa.)

Mwezi ujao nasikia watazungumzia maji ya visima. Nitakwenda. Mzee anasema kwanza aambiwe nani anatafsiri.

Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo