Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Chemchemi ya Maji Moto ya Songwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kwenye mahafali yetu.

Wageni wengi wanaoshukia uwanja wa ndege wa Songwe hupita moja kwa moja kwenda Ruaha au Ziwa Nyasa. Hawaambiwi kwamba si mbali na hapo kuna maji yanayotoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi zaidi ya 80.

Mvua ya milima ya Mbeya huzama chini, hupashwa joto na miamba ya volkano, kisha hupanda kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Njiani maji hayo huyeyusha chokaa na kubeba gesi ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana hutoa mapovu hata yasipochemka. Yakifika juu, gesi hutoroka, chokaa hubaki na kuganda tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa jiwe liitwalo travatini. Gesi ya namna hiyo huvunwa wilayani Rungwe na kutiwa kwenye soda, pengine na hiyo iliyo mezani kwako.

Wanaofika huchemsha mayai, wakala, wakaacha maganda. Mayai hatukatazi, maganda wayabebe. Linalotutia hofu ni watoto, kwa kuwa ukoko wa chokaa unaozunguka maji huonekana imara kumbe ni mwembamba. Tunaomba uzio na vibao vya onyo.

Lakini ombi letu kubwa ni jingine. Travatini huchimbwa kwa ajili ya ujenzi, na wapo wazazi humu wanaotulipia ada kwa kazi hiyo. Hatuwezi kusema isimame. Tunaomba eneo la macho ya maji lipimwe na kuwekewa mipaka, mchimbaji ajue anapoishia. Jiwe lililokatwa haliwezi kurudishwa, na chemchemi hutumia miaka mingi mno kujenga jingine.

Tunaomba pia vijana wa hapa wapewe mafunzo ya kuongoza watalii. Maelezo tunayo, kama ulivyosikia. Kinachokosekana ni vyeti.

Baada ya chakula tumepanga kukufikisha huko, Mheshimiwa. Tafadhali vaa viatu vya kufunika.

Tunaomba kuwasilisha.