Barua kwa Dada: mpira wa kikapu wa Idi na maneno ya Baba Mkubwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama, shemeji na watoto mkiwa wazima. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baridi imeanza kulegea, masomo yanakwenda, nakula nashiba. Hayo yatoshe.

Ujumbe wako wa sauti niliupata usiku nikitoka mazoezini. Niliusikiliza mpaka mwisho, kisha nikarudia pale uliponieleza alichosema Baba Mkubwa kwenye arobaini ya Bibi Mdogo, mbele ya watu wote: kwamba ukoo ulichanga nikapanda ndege, na huku Marekani nimeishia kuokota mipira ya kikapu. Dada, neno hilo limeniuma. Limeniuma zaidi kwa kuwa halikujibiwa na mtu. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu tungekatishana maneno, na nina mengi. Umsomee Mama, na ukiona inafaa umsomee na Baba Mkubwa mwenyewe, kwa heshima, akiwa ameshakula.

Kwanza la fedha tulimalize. Za dawa za Mama nimetuma jana, angalia kwenye simu yako. Viatu vya kijana wetu Idi nitanunua mimi. Lakini za kumhamisha Idi timu sitatuma, na ningependa zisichangwe na mtu yeyote. Unajua viza ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, tena kazi za humu humu chuoni, kwa hiyo kila shilingi inayofika huko naijua ilikotoka. Siwezi kuitumia kumwondoa mtoto kwa kocha mzuri.

Maana kocha wa Idi ana haki. Mnasema anamwonea, anamweka benchi wakati yeye ndiye anayefunga pointi nyingi kuliko wenzake. Baba Mkubwa akaenda mpaka uwanjani kugomba mbele ya watoto. Mimi nilimuuliza Idi swali moja tu: hizo pointi 18 unazojisifia, ulirusha mara ngapi ndipo ukazipata? Hakujua. Na hakuna hata mmoja wenu aliyejua, kwa sababu hakuna aliyehesabu.

Kazi yangu hapa kwenye timu ya chuo ndiyo hiyo, Dada. Kuhesabu. Nina daftari lenye picha ya nusu uwanja kila ukurasa. Mchezaji akirusha naweka alama mahali aliposimama: duara ikiingia, msalaba ikikosa, na pembeni naandika aliyempa pasi. Usiku nakaa nalo kama Mama alivyokuwa akikaa na daftari lake la madeni dukani, natafuta nani anatudai nini. Baada ya wiki chache unamjua mtu kuliko anavyojijua mwenyewe. Kuna kijana hapa kwenye kona ya kushoto hakosi, lakini akidribo mara mbili kabla ya kurusha, misalaba inajaa ukurasa.

Na mipira, ndiyo, naokota. Ngoja nikueleze inavyookotwa. Nasimama chini ya ringi, mpira unatoka kwenye nyavu, naudaka kabla haujagusa sakafu, na pasi yangu inapaswa kumfika mrushaji kifuani, mikono yake ikiwa tayari, mwendo ule ule, mamia ya mara bila kuchoka. Nikiipeleka magotini atainama, akiinama miguu yake inachelewa, mpira unagonga mbele ya ringi. Nimeliona hilo kwenye daftari langu mwenyewe: pasi mbovu inamkosesha mtu ambaye mkono wake hauna kasoro. Kocha ananipanga na warushaji wake bora kwa sababu pasi zangu hazipindi. Sasa Baba Mkubwa aniambie kama hiyo ni kazi ya aibu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na naomba Idi aisome mwenyewe. Ukirusha 10 za pointi mbili zikaingia 5, una pointi 10. Mwenzako akirusha 10 za pointi tatu zikaingia 4, ana pointi 12. Ukitazama asilimia ya kuingiza peke yake utasema wewe wa nusu kwa nusu ndiye bora, kumbe yeye ameipa timu zaidi. Kwa hiyo huku kila pointi tatu iliyoingia wanaihesabu kama moja na nusu, ndipo wagawe kwa idadi ya mitupo. Na anayepata pointi 18 kwa mitupo 30 ameinyima timu, maana kila mtupo uliokosa ni nafasi ambayo mwenzake aliyekuwa peke yake chini ya ringi hakuipata.

Hapa nilipo si mbali na chuo cha Villanova, nje kidogo ya Philadelphia, treni inafika. Sisomi pale, chuo chetu ni kidogo, lakini ukiishi upande huu huwezi kukwepa hadithi ya mwaka 1985, wazee wanaisimulia kama imetokea juzi. Tarehe 1 Aprili, Lexington, Kentucky, fainali ya kikapu ya vyuo vya Marekani. Villanova walikuwa wamepangwa nafasi ya 8 katika kanda yao, na mpaka leo hakuna timu iliyopangwa chini kiasi hicho iliyochukua ubingwa. Mbele yao chuo cha Georgetown, mabingwa watetezi, wana Patrick Ewing katikati, na msimu ule ule walikuwa wamekwisha kuwafunga Villanova mara mbili. Villanova walirusha mara 28 tu mchezo mzima. Zikaingia 22. Kipindi cha pili walirusha mara 10, zikaingia 9. Asilimia 78.6, Dada, katika fainali, mbele ya ulinzi uliokuwa ukiogopwa nchi nzima. Wakashinda 66 kwa 64.

Hapa ndipo nataka Idi atulie asome taratibu. Georgetown walirusha mara 53, karibu mara mbili yao, wakaingiza 29. Waliingiza mipira mingi zaidi na bado walifungwa. Villanova walipoteza mpira mara 17 na bado walishinda. Siku hizo vyuoni hapakuwa na saa ya kuwalazimisha warushe, wala mstari wa pointi tatu kwenye mashindano yale, kwa hiyo kocha wao Rollie Massimino aliwaacha wazungushe pasi hadi mmoja wao abaki peke yake, ndipo arushe. Walinzi wakichelewa wanalazimika kumgusa mrushaji, ambalo ni kosa linalompa mitupo huru ya pointi moja moja, na hiyo waliweka 22 kati ya 27. Pointi zote 66 zilifungwa na watu watano: Dwayne McClain 17, Ed Pinckney 16, Harold Jensen 14, Harold Pressley 11, Gary McLain 8. Hakuna hata mmoja aliyefika 20. Na Jensen alianzia benchi! Alirusha mara 5, zote 5 zikaingia, na ule uliowarudisha mbele dakika chache kabla ya mwisho ulikuwa wake. Mwambie Idi benchi si jela.

Kuna mzee mmoja kwenye timu ile ambaye ningependa Baba Mkubwa amsikie. Aliitwa Jake Nevin. Hakurusha mpira hata mmoja. Alikuwa mtu wa kuwahudumia wachezaji wa Villanova kwa miaka na miaka, kuwafunga bandeji, kuwakanda, kuwaangalia. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na vijana walikuwa naye siku ya fainali. Ukumbi wa zamani wa michezo pale chuoni unaitwa kwa jina lake hadi leo. Nimesimama mbele ya ule ukumbi nikasoma jina ukutani, nikamkumbuka Baba, Mungu amrehemu, aliyefagia uwanja wa shule yetu kila Jumamosi bila kuombwa.

Villanova hao hao wakarudia mwaka 2016. Nusu fainali, Houston, dhidi ya Oklahoma: walirusha 49, zikaingia 35, wakashinda 95 kwa 51. Hakuna timu iliyowahi kushinda kwa tofauti kubwa hivyo katika hatua hiyo. Josh Hart peke yake aliingiza 10 kati ya 12. Baada ya siku mbili ni fainali na North Carolina, 74 kwa 74, zimebaki sekunde 4.7. Kabla mpira haujarudi, sakafu ilikuwa na jasho. Daniel Ochefu, yule mrefu wa asili ya Nigeria, mchezaji mkubwa kabisa wa timu, akachukua ufagio wa deki kwa mikono yake akapangusa pale chini mwenyewe, dunia nzima ikimtazama. Ryan Arcidiacono akakimbia na mpira. Angeweza kurusha yeye, ilikuwa mechi yake ya mwisho chuoni. Akamwachia Kris Jenkins aliyekuwa nyuma yake, Jenkins akarusha ya pointi tatu, 77 kwa 74. Nimeitazama video ile mpaka nimeikariri, na kila mara macho yangu huanzia kwa Ochefu na deki yake.

Mwaka 2018 wakachukua tena. Sitarefusha, ila kwenye nusu fainali na Kansas waliweka pointi tatu 18, na Eric Paschall alirusha mara 11 akakosa mara moja.

Baba Mkubwa ana kawaida ya kumtaja Hasheem Thabeet kila akisema mpira, na ana haki ya kujivuna, sote tulijivuna. Mtoto wa Dar es Salaam, mchezaji wa 2 kuchaguliwa kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, nani asiyetembea kifua mbele? Lakini atazame Thabeet alivyocheza chuo cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho pale, katika kila mitupo 10 zaidi ya 6 iliingia. Hakurusha kutoka popote alipojisikia. Alisimama karibu na ringi, akasubiri wenzake wamletee, akamaliza. Urefu ule ungemruhusu kudai kila mpira. Hakudai.

Sasa na mimi nijisifu kidogo, umweleze Mama. Mwezi uliopita kocha alichukua kurasa za daftari langu akazibandika kwenye ubao wa chumba cha wachezaji. Akawaambia kila mtu atafute duara zake na asirushe tena kutoka penye misalaba hadi apafanyie mazoezi. Vijana walinung'unika siku mbili. Tangu hapo, Dada, ungewaona! Mpira unapita mikono minne mitano, hakuna anayeng'ang'ania, na ukitoka mkononi mwa mwenye nafasi unasikia nyavu tu. Watu wa jukwaani wanasimama. Mwisho wa mwezi nimepewa koti la timu, jina letu la ukoo limeshonwa mgongoni kwa uzi mweupe. Kwenye picha rasmi ya timu nimesimama mstari wa pili, daftari mkononi. Nitaituma ichapishwe, Mama aitundike sebuleni, pale mgeni akiingia tu anaiona.

Usiku ule nilivaa koti nikatoka nje, theluji imetanda, hakuna mtu wa kumwonyesha. Nilitamani Upanga. Nilitamani joto la ile sakafu ya saruji ya Don Bosco saa kumi jioni, kelele za watoto wanaosubiri zamu, adhana ya magharibi ikimalizia mchezo, na wewe ukinisubiri getini na kitumbua kwenye gazeti. Nikarudi ndani nikalala.

Kwa hiyo Idi abaki kwa kocha wake. Nakuomba wewe, si Baba Mkubwa, umpeleke mwenyewe Jumatatu, amwombe kocha radhi kwa kelele zile, na wewe umsalimie kwa niaba ya familia. Baba Mkubwa akikasirika, mwambie nimesema mimi, na kwamba namheshimu, na mchango alioutoa nikapanda ndege sijausahau na sitausahau. Ila asinitaje tena kwa neno lile mbele ya watu. Akitaka kujua ninachofanya aniulize, nitamweleza usiku kucha.

La viatu: Idi akanyage karatasi, umchoree unyayo kwa penseli, upige picha rula ikiwa pembeni, maana namba za huku hazifanani na za kwetu. Anunuliwe na daftari la mraba. Kila akitoka mazoezini aniandikie mambo matatu: alirusha kutoka wapi, nani alimpa pasi, na iliingia au haikuingia. Aandike zote, asinifiche zilizokosa. Na ukurasa wa pili aandike pasi alizotoa yeye na nani alifunga kwazo. Hizo ndizo nitakazoanza kusoma.

Mama anywe dawa baada ya kula, si kabla. Wasalimie wote wa nyumba ya uani. Nitapiga Jumapili jioni ya huko, Idi awepo na daftari lake.

Wasalaam,
Mdogo wako akupendaye