Mkuki ule haushikwi kwa mkono mmoja

Ndugu Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita mlichapa makala ya Alexander Mkuu yenye picha ya askari wa miguu wa Makedonia, ufalme wake wa kale kaskazini mwa Ugiriki. Mjukuu wangu wa darasa la sita aliikata kwa mkasi, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Nimeitazama kwa makini. Askari kashika mkuki mrefu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kabeba ngao kubwa kama sinia la pilau. Kasimama peke yake juu ya jiwe. Naomba nafasi niseme kwamba vitani askari wa namna hiyo asingemaliza dakika mbili.

Nilifundisha kwata miaka 22 kabla ya kustaafu, na jambo hili naliona kwa jicho la kazi yangu. Mkuki wenyewe uliitwa sarisa. Theophrastus, Mgiriki aliyeandika juu ya mimea zama hizohizo, anaeleza mti mmoja mgumu wa kwao kwamba hufikia dhiraa 12, sawa na sarisa ndefu kuliko zote. Hiyo ni mita 5 na zaidi kidogo. Mbele una ncha ya chuma, na kitakoni una chuma kingine kizito cha kuuweka sawa usielemee mbele. Mti kama huo hauchukuliki ila kwa mikono miwili. Ndiyo maana ngao yao ilikuwa ndogo, kipenyo chake sentimita 65 hivi, na waliining'iniza begani kwa mkanda.

Mwaka juzi nilijaribu mwenyewe. Nilikata mianzi 16 ya mita 5, nikawapa vijana 16 wa skauti hapa mtaani, nikawapanga wanne kwa wanne kwenye uwanja wa mpira. Mianzi ikiwa imelazwa mbele, nikaamuru: "Kushoto, geuka!" Ilikuwa vurugu tupu. Mianzi iligongana, mmoja akapigwa sikioni, wawili wakaitupa chini. Mara ya pili niliwaambia wainue kwanza, wageuke, ndipo walaze. Ikaenda. Baada ya Jumamosi tatu walikuwa wakitembea hatua 50 bila kuharibu safu, ila tukifika kwenye kijifereji kilichochimbwa na mvua karibu na goli, safu ya pili ilikatika kila mara. Siku hiyo nilielewa kitu nilichokuwa nimekisoma tu: silaha ile humlazimisha mtu awe na wenzake.

Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika karne ya 2 KK, anaeleza mpango ulivyokuwa. Kina cha kikosi ni watu 16, kila mtu na nafasi ya futi 3. Ncha za safu tano za mwanzo zote zinatokeza mbele ya mtu wa kwanza. Kuanzia safu ya sita wanashika mikuki imeinama juu ya vichwa vya wenzao, ikizuia mishale, huku wakisukuma kwa uzito wa miili. Mrumi alihitaji nafasi mara mbili ili azungushe upanga wake, kwa hiyo Mrumi mmoja alikabiliana na ncha kumi. Sasa mtazameni yule wa kwenye picha yenu na ncha yake moja.

Makala yenu inampa Alexander sifa zote. Mpeni na baba yake haki yake. Mwaka 359 KK mfalme Perdiccas wa Makedonia aliuawa na Wailiria, majirani zao wa magharibi, pamoja na askari 4,000, na mdogo wake, Philip, baba wa Alexander, akarithi nchi iliyokaribia kusambaratika. Aliwachukua wakulima na wachungaji akawapiga kwata. Alikataza magari ya mizigo, akaruhusu mtumishi mmoja kwa askari kumi wa miguu, na askari walibeba unga wa siku 30 migongoni. Jeshi hilo ndilo Alexander alilolirithi. Mwaka 334 KK alivuka kwenda Asia na Wamakedonia wa miguu 12,000. Vikosi vya sarisa vilikuwa sita, kila kimoja watu 1,500 hivi, na viliandikishwa kwa majimbo. Watu wa jimbo la Elimeia walikuwa chini ya kamanda Coenus, bega kwa bega na majirani zao wa nyumbani.

Kisa ninachokipenda ni cha Pelion, mwaka 335 KK, Alexander alipobanwa na Wailiria mabondeni. Aliwapanga watu kina cha 120, akaamuru kimya kabisa. Mikuki ikainuliwa yote kwa pamoja, ikalazwa, ikaelekezwa kulia, kisha kushoto, bila sauti ya mtu. Adui waliokuwa vilima vya mbele wakaanza kukimbia kabla ya kuguswa. Mimi niliyepigia watu kelele uwanjani maisha yangu yote najua kimya kile kiligharimu nini.

Nidhamu hiyo ilikuwa na bei yake. Huko Amphipolis, mji wao wa kale, limepatikana jiwe lenye sheria za jeshi za zama za Philip wa Tano, mfalme wa Makedonia zaidi ya miaka 100 baada ya Alexander. Askari aliyekosa sarisa alitozwa oboli 3 (sarafu ndogo za Kigiriki), aliyekosa kofia ya vita oboli 2, aliyekosa ngao drakma 1, yaani oboli 6. Ofisa alilipa mara mbili! Hapo wangenipendeza sana.

Na kijifereji kile cha karibu na goli kiliwaua kweli. Mwaka 197 KK, Wamakedonia walipopigana na Warumi kwenye vilima vya Cynoscephalae huko Ugiriki, upande wao wa kushoto ulikuwa haujajipanga juu ya ardhi mbovu, ukavunjika. Ofisa mmoja wa Kirumi akachukua vikosi vidogo 20, akaupiga upande wa kulia kwa nyuma, nao hawakuweza kugeuka. Wengine wakainua sarisa zao wima. Kwao ilikuwa ishara ya kusalimu amri. Warumi hawakuielewa, wakaendelea kuwachinja.

Ndugu Mhariri, najua watoto wengi wamekata picha ile kama mjukuu wangu. Tafadhali ichorwe upya: mikono yote miwili kwenye mkuki, ngao ndogo begani, na wenzake 15 nyuma yake.

Mwalimu wa kwata mstaafu,
Kihonda, Morogoro