Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: ulizeni mairungi kwa jina lake

Mheshimiwa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Tangu ule mkutano wa uwanjani ulipotuahidi fomu za upasuaji kwa Kiswahili, nimenyamaza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, nikadhani labda mnasubiri wino.

Jumanne iliyopita mdogo wangu alipasuliwa ngiri. Ni dereva wa lori, Kampala hadi Elegu, na barabarani hukesha akitafuna mairungi, yaani miraa. Alifika hospitali alfajiri akitoka safarini, meno yana ukijani bado. Nesi akamuuliza kwa Kiingereza kama anatumia dawa za kulevya. Akatikisa kichwa. Kwake hizo ni kokeni na bangi; mairungi ni majani tu, huja yamefungwa kwenye jani la mgomba. Na kwa sheria hizi, nani atakiri mbele ya karatasi ya serikali?

Aliyempiga nusu kaputi alituambia baadaye kwamba presha ilipanda, moyo ukaenda mbio, ikabidi aongeze dawa. Majani mabichi yana kathinoni, ndugu yake amfetamini, na mwili uliochangamshwa hivyo haulali kirahisi. Mimi si daktari, lakini naona hivi: mairungi yalipoisha nguvu, dawa ile nyingi ya usingizi ikabaki peke yake, ikamzima pumzi. Au ni dawa za maumivu, maana nazo hupunguza pumzi. Sijui nani anisahihishe, hakuna aliyekaa nami chini.

Ninachojua ni nilichokiona mlangoni. Kifua kinapanda, kinashuka, kinatulia. Nikahesabu hadi kumi na moja ndipo kikapanda tena. Kijana mmoja akakamua mfuko wa hewa kwa mkono, akibadilisha mkono ukichoka, mpaka saa tisa alasiri. Mimi nimesimama tangu asubuhi, mbuzi wawili nimeshauza, mama anapiga simu na sina la kumwambia.

Yuko hai, alhamdulillah. Sidai mashine za kupumulia, ingawa nazo uliahidi. Nadai swali moja kwenye fomu: umetafuna mairungi lini mara ya mwisho? Liwe kwa Kiswahili, na Kilugbara kwa wazee wetu, na anayejibu asiitiwe polisi. Swali moja tu, Mheshimiwa. Mstari mmoja.

Jumatatu anatolewa nyuzi. Nitapita ofisini kwako kuulizia ule wino.

Wako mtiifu, bado,
Kaka wa mgonjwa