Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafugaji

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini, na habari za josho mnazijua. Nafasi yangu naitumia kwa ndigana baridi, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, hasa swali ambalo limekuwa likirudi kila kikao: ng'ombe aliyepona, amepona kweli?

Homa imemtoka, lakini vimelea bado anavyo. Bakteria wa ugonjwa huu, Anaplasma marginale, aliyeelezwa na Arnold Theiler huko Afrika Kusini mwaka 1910, huishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Hazipasui. Bandama ya ng'ombe mwenyewe ndiyo inayoziharibu chembe zilizoingiliwa, kwa hiyo ufizi hupauka, pengine ukawa wa manjano, ila mkojo haugeuki mwekundu. Mwelezeni daktari rangi ya mkojo mnapompigia simu, inamsaidia sana.

Linalonistaajabisha mimi ni jeni zake. Jenomu ya bakteria huyu, yaani maandishi yote ya urithi wake, iliyochapishwa mwaka 2005, ina herufi kama milioni 1.2 tu, na ni sehemu moja tu ndani yake inayotoa MSP2, protini iliyoko kwenye ngozi yake ya nje. Pembeni zimewekwa nakala pungufu za jeni hiyo, ambazo zenyewe hazitoi kitu. Kinga ya ng'ombe ikishaitambua MSP2 na kuwafagia bakteria, wachache wanakuwa wameshanakili kipande cha nakala pungufu na kukipachika kwenye ile sehemu moja. Wanatokea na vazi jipya, wanazaliana, kinga inawafikia, wengine wanabadili tena. Mawimbi hayo hupishana kwa wiki tano hivi, huenda maisha yote, na ng'ombe anakula na kukamuliwa kama kawaida.

Msimuuze kwa hofu. Kwa kawaida haugui vibaya tena. Ninayemhofia ni mtamba mgeni aliyekulia kusiko na kupe, asiyewahi kuupata ugonjwa huu. Ndama huugua kidogo, lakini ng'ombe aliyepita miaka miwili anaweza kufa. Na josho peke yake halitoshi, kwani damu huhama pia kwa nzi wanaouma, visu vya kukatia pembe na sindano. Siku za chanjo bado yapo mazizi yetu ambamo sindano moja hupita shingo kwa shingo. Hilo linaniuma.

Kamati inaleta hoja kwamba akiba ya mwaka huu inunue sindano za kutosha, kila ng'ombe na yake, pamoja na sufuria ya kuchemshia visu kwa kila kikundi. Hoja itajadiliwa mara baada ya mahesabu.