Malalamiko kuhusu maandishi ya chini ya skrini kwenye kisimbuzi kipya

Leicester,
Uingereza.
12 Novemba 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Ninaandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye mkataba nanyi. Namba ya akaunti imo kwenye nakala ya bili niliyoambatisha. Nimeambatisha pia tafsiri ya Kiingereza, maana mama alitaka kuisoma barua hii kwa lugha yake na kuiridhia kabla haijatumwa.

Mwaka huu mlimwarifu kwamba dishi litaachwa na atapewa kisimbuzi cha intaneti, chenye chaneli zilezile na picha safi zaidi. Picha kweli ni safi. Ila mama hasikii vizuri. Hata akivaa vifaa vyake vya kusikia, maneno ya televisheni humfikia yamevurugika na muziki. Kwa hiyo yeye televisheni huisoma, na kisimbuzi chenu kimemnyima kusoma. Akibadilisha chaneli, maandishi yanajizima, na kuyawasha tena ni kupita kurasa kadhaa za menyu zenye herufi ndogo. Vipindi vingi anavyorekodi havina maandishi kabisa, ilhali vilipokuwa hewani vilikuwa nayo. Na yanapokuwepo, huchelewa: mtu anauliza swali, anajibiwa, anatoka chumbani, ndipo swali lake linaandikwa.

Kijana aliyepokea simu yangu alisema kuchelewa ni kawaida. Ni kawaida kwa matangazo ya moja kwa moja. Kwenye habari na mpira kuna mtu anayesikiliza na kuyarudia maneno kwenye kompyuta inayogeuza sauti kuwa maandishi, na hapo sekunde kadhaa lazima zipotee. Mama analijua hilo na hajawahi kulilalamikia. Lakini tamthilia iliyopigwa picha miezi mingi iliyopita huandaliwa maandishi yake mapema, yakapangwa yaende sawa na midomo ya wasemaji. Nimekitazama kipindi hichohicho kwenye televisheni ya jirani yenye antena ya kawaida, na maandishi yalikwenda sawa. Tatizo liko kwenye kisimbuzi chenu. Kijana huyo alimalizia kwa kushauri mama aongeze sauti. Ushauri huo uliniumiza, na sikuweza kumwambia mama.

Tulihamia hapa kutoka Tanga miaka ya 1990. Wakati huo mama alisikia vizuri kabisa. Kilichomshinda ni Kiingereza cha tamthilia za jioni, hasa zile za lafudhi ya Manchester. Jirani alimwonyesha kubonyeza 888 kwenye rimoti, ukurasa wa maneno ya wasemaji kwenye teletext, yaani kurasa za maandishi zilizorushwa pamoja na matangazo ya televisheni, na tangu siku hiyo maandishi hayakuzimwa nyumbani kwetu. Mama alijifunza nchi hii kwa kuisoma pale chini ya skrini: namna watu wanavyoombana radhi, wanavyogombana, wanavyotaniana. Sisi watoto tulikula chakula cha usiku huku tunasoma. Kufikia 2008 BBC ilikuwa imeweka maandishi kwenye vipindi vyote vya chaneli zake kuu, hivyo masikio yake yalipoanza kupungua hakulazimika kuacha kitu. Aliendelea na taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni, vipindi vya maswali na majibu, na wanyama wa Serengeti.

Kisimbuzi kilipoingia alianza kuniuliza, "Kasemaje?" Namjibu, na nikimaliza kumjibu sote wawili tumeshapitwa na sentensi inayofuata. Siku hizi haulizi. Anatazama snooker, mchezo ambao hakuwahi kuupenda, kwa kuwa hauhitaji maneno.

Mnakumbuka Septemba 2021, mfumo wa kuzima moto ulipoharibu mitambo katika kituo cha kurushia matangazo magharibi mwa London, na baadhi ya chaneli zikakosa maandishi kwa wiki nyingi. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji hapa Uingereza, ilipochunguza, iliikuta Channel 4 na makosa, mojawapo likiwa kutowaeleza ipasavyo watazamaji walioathirika. Ninyi hamkupata ajali yoyote. Mlichagua kubadilisha vifaa, na hakuna barua yenu hata moja iliyomwonya mama kuhusu maandishi.

Sheria ya Usawa ya 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu. Mwaka huu wa 2025 mama amelipa pauni 174.50 za leseni ya televisheni, na juu yake hulipa ada yenu kila mwezi bila kuchelewa. Ninaomba maandishi yakae yamewashwa hata chaneli ikibadilishwa, yahifadhiwe pamoja na vipindi vinavyorekodiwa, na yaende sawa na wasemaji. Kama kisimbuzi hicho hakiwezi, mrudishieni huduma ya dishi, au mmruhusu avunje mkataba bila faini na kumrejeshea ada tangu mlipokifunga. Wiki nane zikipita bila suluhisho, nitalipeleka suala hili kwenye chombo huru cha usuluhishi.

Jibu liandikwe kwa barua, kwa jina la mama. Msimpigie simu, kwa sababu hatawasikia.

Wako mwaminifu,
Mwana wa mteja wenu