Mishale ya Zamani Ibaki Nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia kwamba umekwisha kufunga mizigo ya kambi ya mazoezi, na kwamba ndani ya podo umepanga mishale ileile uliyokuwa ukiipiga kwa upinde wa pauni 22, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta. Upinde unaokwenda nao sasa una mikono, zile sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya kishikio, iliyoandikwa pauni 36. Naomba, kabla hujasoma mengine, uitoe mishale hiyo podoni.

Najua utanijibu kwamba imenyooka na manyoya yake ni mazima. Ni kweli, wala sijasema imeharibika. Ninachosema ni kwamba ni milegevu mno kwa nguvu utakayoitia. Ile namba 1000 iliyochapwa ubavuni hupatikana kwa kuulaza uti wa mshale juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 28, kuutundikia katikati uzito wa gramu 880, kisha kupima umebonyea sehemu ngapi za elfu moja za inchi. Uti wako hubonyea inchi nzima, ilhali wa namba 500 hubonyea nusu inchi tu. Namba ikiwa kubwa, mshale ni mlegevu. Wengi hulielewa jambo hili kinyume, na wewe mwenyewe ulimweleza mdogo wako kinyume mbele yangu, nami nikanyamaza kwa sababu ulikuwa ukieleza kwa ufasaha mno.

Unapoachia, ugwe hauendi mbele kwa mstari ulionyooka, bali huteleza kidogo kando ukitoka vidoleni, huku kigumba kikikawia mbele kwa uzito wake. Mshale uliobanwa kati ya nguvu hizo mbili hupinda, ukajipindua upande wa pili unapokipita kishikio, na kuendelea kutikisika hivyo hadi utulie hewani. Ukilingana na upinde, hupinda kiasi cha kuyapitisha manyoya bila kugusa chochote. Ukiwa mlegevu kupita kiasi, hupinda zaidi ya unavyostahimili, na uti wa karboni ukielemewa namna hiyo unaweza kuvunjika palepale unapoachia, vipande vyake vikaingia katika mkono ulioshika upinde. Hofu yangu ni hiyo. Alama ukipoteza, utazipata siku nyingine.

Usiitegemee pia pauni 36 iliyoandikwa. Kipimo hicho huchukuliwa kwa mvuto wa inchi 28, nawe mikono yako mirefu inavuta 29. Kila inchi huongeza takribani pauni mbili hadi tatu, kwa hiyo vidole vyako hubeba kama pauni 38. Mwombe kocha akupime kwa mizani ya ndoano ukiwa umevuta hadi kidevuni, na namba hiyo ndiyo muitumie kusoma jedwali la mtengenezaji wa mishale. Kwa upinde wa namna yako na mshale wa urefu wako, jibu aghalabu huangukia kati ya 500 na 600, lakini jedwali ni mahali pa kuanzia tu. Uti mrefu ni mlegevu kuliko mfupi wa namba ileile, na kigumba kizito huulegeza zaidi, hivyo mishale miwili yenye namba moja inaweza kuruka tofauti kabisa. Mishale yako ya zamani niliinunua mirefu kwa kuwa ulikuwa bado unakua, na sioni sababu ya mtu kunilaumu kwa hilo. Kwa upinde ule ilifaa.

Nakujua vilevile kwamba ukionywa juu ya ulegevu utakimbilia mshale mgumu kuliko yote dukani. Usifanye hivyo. Mshale mgumu mno haupindi inavyotakiwa, hugonga pembeni ukipita, na kwa wewe unayevuta kwa mkono wa kulia utakwenda kushoto kila mara, nawe utadhani kosa ni la vidole vyako. Piga mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya kutoka mita 18. Ile mitupu ikitua kushoto kwa mingine, ni migumu. Ikitua kulia, ni milegevu. Mikono yako imekuwa mitulivu kiasi cha kuliamini jaribio hilo, jambo ambalo mwaka jana nisingelisema. Tofauti ikiwa ndogo, irekebisheni kwa batani ya kando, kile kitufe chenye chemchemi kinachogusa ubavu wa mshale, au skrubu za mikono ya upinde. Uti ukihitaji kukatwa, ukatwe nusu inchi kwa nusu inchi, kwa msumeno wa diski na barakoa usoni, na usifupishwe hata ukadondoka nyuma ya kiegemeo, pale mshale unapolala upindeni, unapovuta.

Hata mishale mipya ikaguliwe. Ishike ncha zote mbili, uikunje kidogo kuelekea mbali na uso wako, uizungushe, uikunje tena, huku ukisikiliza. Ukisikia mlio kama wa ukuni mkavu, au ukiona ufa mwembamba karibu na sehemu inayokaa kwenye ugwe, usiupige tena hata mara moja, wala usimwazime mwenzako.

Mdogo wako ameuchukua upinde wako wa zamani bila kuniuliza. Anavuta inchi 24 tu, kwa hiyo zile pauni 22 kwake ni kama 14, na kwake hata hiyo mishale ya 1000 ni migumu kidogo, ila kwa kuwa ni mirefu inamfaa kwa sasa. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha: iweke nyuma ya mlango wa stoo, si chini ya kitanda chako ambako kuna unyevu. Nta ya ugwe nimeirudisha kwenye droo, maana mmoja wenu aliiacha juani ikayeyuka. Fedha za mishale mipya nimempa dada yako. Zinatosha kwa mishale, hazitoshi kwa podo jipya. Kocha akishakupima, niandikie pauni zenyewe na namba ya uti aliyokuchagulia kabla hujalipa.

Mzazi wako